Joto la Vyura: Kisa cha Kizimba Kimoja Katika Mazoezi ya Kufundisha

Katika kurasa kama hizi wanachuo wamezoea kusoma habari za masomo yaliyofaulu. Mkufunzi hueleza zana aliyoibuni, jinsi wanafunzi walivyoifurahia, na mwishowe huwahimiza wenzake nao waijaribu. Hatuna ugomvi na makala za namna hiyo, kwani sisi wenyewe tumewahi kuandika moja au mbili. Safari hii tumeonelea tueleze habari za somo lililoharibika, tena lililoharibiwa na sisi tuliokwenda kulikagua.

Mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, tulipangiwa kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wilayani Karatu. Mmoja wao alikuwa amepelekwa katika shule ya msingi iliyo juu ya mji, upande wa kuelekea lango la Lodoare, mahali ambapo mashamba hukoma na msitu wa Ngorongoro huanza. Asiyepata kufika huko mwezi wa saba hawezi kuamini kwamba yuko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta. Ukungu huteremka kutoka ukingo wa Kreta kabla ya alfajiri na kukaa juu ya shule mpaka saa tatu. Watoto huja wamejitanda mashuka juu ya sare zao, na mwalimu wa zamu huwapigia kengele watoto asiowaona.

Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha Sayansi darasa la tano, na mada yake ilikuwa makundi ya wanyama wenye uti wa mgongo. Alipofika kwa amfibia aliwaambia wanafunzi wake walete walichonacho. Mvulana mmoja wa darasa hilo ana mjomba alimaye vitunguu Mang'ola, kule bondeni kando ya Ziwa Eyasi. Huko chemchemi hujaza mifereji ya mashamba, na usiku matete yaliyo kandokando ya mifereji hulia vyura hata mgeni asipate usingizi. Kijana huyu alikuwa amekwenda kumwamkia mjomba wake mwishoni mwa juma, akarudi na dumu la lita tano lililokatwa shingo na kufunikwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na vyura saba wa matete.

Mwanachuo asiyewajua vyura hawa asiwafikirie wale wakubwa wa madimbwini. Hawa ni wadogo, kila mmoja aweza kukaa juu ya kidole gumba, na ngozi yao ni laini na ina mapambo. Ncha za vidole vyao ni bapa nazo hunata, hivyo hupanda jani, ukuta na hata kioo kilichosimama wima. Wao ni wa jamii ya vyura wapandao miti na majani. Hulala mchana wakiwa wamejibana juu ya tete, na usiku huwinda nzi na mbu. Kwa kweli ni viumbe wa kupendeza mno, na darasa zima lilikuwa limewapenda kabla hatujafika.

Andalio la somo la mwanachuo lilikuwa fupi na la wazi. Vyura wangeonyeshwa Jumatatu na Jumanne. Wanafunzi wangewachora, wangetazama namna koo zao zinavyocheza wanapovuta pumzi, halafu wangewekwa mahali pa kivuli na unyevu hadi Jumamosi, siku ambayo mvulana yule angepanda basi tena kwenda Mang'ola na kuwarudisha mferejini. Alikuwa ametengeneza kizimba kwa sanduku la mbao lililokuwa la sabuni, mbele akaweka kioo cha dirisha, na juu akatandaza kipande cha chandarua.

Tulifika Jumanne. Tukalisoma andalio lile, na hatukulipenda. Tulimwambia mwanachuo, mbele ya mwalimu wake mlezi, kwamba zana ya siku mbili ni maonyesho wala si somo. Kwa nini asiwaweke vyura kwa muhula mzima? Kwa nini wanafunzi wasiandike kila siku wanachokula, wanapolala, hata pengine wakashuhudia mayai? Tuliipenda sentensi yetu ile ya maonyesho, tukaiandika na katika fomu ya tathmini, pale penye nafasi ya “matumizi ya zana”, na alama tuliyoweka mbele yake ilikuwa hafifu.

Yeye alijibu kwa adabu. “Mkufunzi, naona baridi ya huku inawaonea. Tangu jana hawali. Nzi anawapita puani wala hawageuki.”

Hilo lilikuwa kweli. Vyura walikuwa wamekunjamana katika pembe moja ya sanduku, rangi zao zimefifia na kuwa za udongo. Wanachuo mnajua kwamba chura hana tanuri mwilini kama tulilo nalo sisi, ndege na ng'ombe. Joto lake ni lile la mahali alipo. Likishuka, mapigo ya moyo hupungua, msuli hulegea, na chakula kilichomo tumboni hakisagiki, kwa hiyo hali kwa sababu hawezi kukitumia. Mang'ola iko mita 1,000 na kitu kutoka usawa wa bahari. Shule ile iko juu ya mji wa Karatu, na mji wenyewe uko karibu mita 1,500. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi, na juu ya hayo tuongeze ukungu na upepo wa ukingo wa Kreta, ambao uko zaidi ya mita 2,200. Vyura wale walikuwa wamehamishwa kutoka kiangazi mpaka kipupwe kwa nauli ya basi moja.

Mwanachuo alikuwa ameligundua tatizo. Sisi tukalipatia dawa, na hapo ndipo penye kosa.

Tuliwahi kusoma kitabu cha wenyeji wa Ulaya kuhusu ufugaji wa vyura majumbani. Huko, na Marekani vilevile, wako watu wanaofuga vyura wa mitini ndani ya nyumba zao kama sisi tufugavyo kuku, ila wao hawali mayai wala nyama, hufurahia kuwatazama tu. Kwa kuwa nchi zao zina baridi, huwanunulia mikeka ya umeme, taa za joto, na vidhibiti joto vinavyozima na kuwasha vyenyewe. Kutoka katika kitabu kizima tulikumbuka neno moja: taa. Shule ilikuwa imeingiziwa umeme. Balbu za siku hizi za kubana matumizi hazitoi joto la maana, kwa hiyo tulimtuma mtu mjini akatafute balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60. Ilipopatikana tuliining'iniza sisi wenyewe chini ya chandarua, tukaiwekea kifuniko cha bati juu ili joto lisipotee, tukaweka kisahani cha maji, tukaaga. Usiku ule tulilala mjini chini ya mablanketi mawili, tukifikiri tumewatendea vyura wema.

Asubuhi ya Jumatano watoto walitangulia kufika. Walikuwa wamesimama kulizunguka sanduku, na hakuna aliyekuwa akisema. Vyura wanne walikuwa wamenata juu, chandaruani, karibu na balbu, weupe kama chaki na wakavu kama majani. Kisahani hakikuwa na tone la maji. Wengine watatu hatukuwaona mpaka mwanachuo alipoinua kisahani. Walikuwa chini yake, katika pembe ya mbali, wamegandamana katika unyevu kidogo uliosalia kwenye mbao, wazima.

Mvulana aliyewaleta akauliza, bila hasira, “Mwalimu, nani aliwasha taa?”

Swali lilielekezwa kwa mwanachuo. Alitazama sakafu. Mwanachuo hamtaji mkufunzi wake mbele ya darasa. Amelelewa hivyo na sisi tumemlea hivyo. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kwetu kusema maneno mawili. Hatukuyasema. Tulisema kwamba viumbe hufa, kwamba jambo hili nalo ni sehemu ya Sayansi, halafu tukatazama saa na kueleza kuwa tunangojwa katika shule nyingine. Hayo yote yalikuwa kweli, na kwa kweli hizo tuliificha kweli iliyoulizwa.

Njiani tulianza kulifikiria sanduku lile kama mtu anayejitetea mahakamani, na kila tulivyojitetea ndivyo tulivyozidi kuona wapi tulikosea. Tunaeleza hapa kwa kirefu kwa kuwa somo hili lingefaa lifundishwe kwa hesabu zake.

Kwanza, joto hupanda. Balbu iliyowekwa juu na kufunikwa bati hukusanya hewa ya moto juu, na vyura wa jamii hii wameumbwa kupanda. Tabia inayowaokoa mferejini, ambako juu ya tete ni pahali pa usalama, ndiyo iliyowapeleka kwenye moto. Weupe wao haukuwa ugonjwa. Chura wa matete akichomwa na jua hugeuza ngozi yake iwe nyeupe ili aurudishe mwanga. Walikuwa wakijikinga kwa silaha waliyo nayo, na silaha haikutosha.

Pili, na hili ndilo tulilokuwa hatujalifikiri kamwe, hewa inayopashwa joto huwa na kiu. Hewa ya ukungu wa Karatu yenye nyuzi 10 imeshiba maji. Haiwezi kubeba zaidi. Ipashe moto mpaka nyuzi 28 bila kuiongezea maji, nayo sasa ina nafasi ya kubeba mara tatu ya yale iliyo nayo. Maji hayo itayatafuta po pote: kwenye nguo iliyoanikwa, kwenye kisahani, na kwenye ngozi ya chura. Chura hanywi kwa kinywa, maji yake huingia kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo huvuta sehemu ya pumzi yake, nayo haina budi kuwa na majimaji. Tulikuwa tumeondoa baridi, tukaleta ukame. Mwalimu atakayewasha moto wo wote karibu na amfibia na asifikirie unyevu amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni ya kuua.

Tatu, hatukupima. Hilo halihitaji maelezo, lakini linahitaji aibu.

Tulirudi Alhamisi, ijapokuwa ratiba haikututaka. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwanachuo alikuwa amewalaza vyura watatu chumbani kwake, katika dumu lenye majani mabichi na kitambaa chenye maji, bila taa. Tuliomba dakika tano kabla ya somo. Tukawaambia darasa la tano kwamba taa tuliiwasha sisi, kwamba mwalimu wao alikuwa na mpango mzuri wa kuwarudisha vyura Mang'ola Jumamosi, na kwamba sisi tulimwamuru aubadili. Kuna ukimya fulani ambao watoto huwa nao wanapomsikia mtu mzima akikiri kosa; si wa heshima wala wa dharau, ni kama wanangojea waone kama kuna hila. Kisha msichana aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Tulidhani atauliza habari za waliokufa. Akasema, “Mama analea vifaranga. Jiko haliweki katikati, analiweka pembeni, ili kifaranga achague.”

Tumesoma saikolojia ya kujifunza na tumeifundisha kwa miaka kadhaa. Hatukumbuki kusikia mahali po pote jambo la kuwatunza viumbe likielezwa vizuri zaidi ya hapo. Ili achague! Kizimba chema hakina joto moja. Kina upande wa joto na upande wa baridi, penye maji na penye kavu, na mnyama mwenyewe, ambaye amekuwapo duniani mamilioni ya miaka kabla ya kipimajoto, huamua akae wapi na saa ngapi. Wale vyura watatu walisalimika kwa kuwa chini ya kisahani palibaki pahali pa kuchagua. Tulipomhoji zaidi, msichana yule alieleza na dalili: vifaranga wakirundikana kwenye jiko wanaona baridi, wakilikimbia na kuachama wanaungua, wakitawanyika kama punje za mahindi mambo ni sawa.

Basi kazi ikawa dhahiri. Hapakuwa na basi la kumfaa mvulana kabla ya Jumamosi, kwa hiyo vyura watatu walipaswa kuvushwa usiku mbili. Mwanachuo aliligeuza jambo hilo kuwa somo, na safari hii sisi tuliketi nyuma ya darasa tukasikiliza.

Swali la kwanza alilowauliza lilikuwa namna ya kulizuia joto lisitoke, kabla ya kufikiri namna ya kuliingiza. Watoto wa Karatu wana urithi katika jambo hili. Nyumba za asili za Wairaqw zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake likafunikwa udongo, na ng'ombe wakalala mlemle pamoja na watu. Ardhi huzuia baridi ya usiku na miili ya ng'ombe huongeza joto. Wengi wa watoto wale hawajapata kulala katika nyumba kama hiyo, lakini babu zao walizaliwa humo, na habari zake wanazo. Mmoja akapendekeza tuchimbe shimo nyuma ya darasa. Baada ya mjadala walikubaliana juu ya nyumba ndani ya nyumba: sanduku la vyura likatiwa katika sanduku kubwa zaidi, na nafasi ya katikati ikajazwa maranda kutoka kwa fundi seremala, isipokuwa upande mmoja.

Upande huo uliachwa wazi kwa ajili ya chanzo cha joto. Taa ya mafuta ilikataliwa, na ilikuwa haki ikataliwe. Moshi na mvuke wa mafuta ya taa hudhuru ngozi ya chura, na moto usiolindwa usiku katika darasa lenye maranda ni maafa yanayongoja. Jiko la mkaa lilikataliwa kwa sababu hiyohiyo na kwa hewa yake ya sumu. Lililokubaliwa ni dumu la lita tano la maji ya moto kutoka jikoni shuleni, likazungushiwa gunia na kusimamishwa nje ya ukuta wa sanduku la ndani, ambapo hakuna chura awezaye kuligusa.

Tunawaomba wanachuo wenye kupenda Fizikia wasimame hapa kidogo. Kilo moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa jouli 4,200 hivi. Lita tano zikipoa kutoka nyuzi 60 hadi nyuzi 20 hutoa jouli 840,000. Balbu ya wati 25 hutoa jouli 25 kila sekunde. Ili itoe jouli 840,000 haina budi kuwaka saa tisa na dakika ishirini. Yaani dumu moja la maji lina joto la kutosha kushindana na balbu ya wati 25 usiku kucha, bila umeme, bila mwanga wa kuwasumbua viumbe ambao usiku ndio mchana wao, na bila hatari ya kuzidi, kwa kuwa maji hupoa yenyewe. Udhaifu wake ni huo wa kupoa. Mwanzoni hutoa joto jingi, mwishoni kidogo, ilhali baridi kali huja mwishoni, karibu na alfajiri. Kwa sababu hiyo mzee mlinzi wa shule aliombwa abadili dumu saa sita usiku, naye alikubali, ingawa alituuliza mara mbili kama tuna hakika ni kwa ajili ya vyura.

Kupima nako kulitufundisha. Mwanafunzi mmoja alitumwa zahanati, akarudi na kipimajoto cha kupimia homa. Kifaa hicho huanzia nyuzi 35 hivi, na hewa iliyofikia hapo imekwisha kuwa hatari. Kwa kazi hii hakisemi kitu. Wanachuo wengi hukosea hapa, na ni kosa zuri la kufundishia, kwa kuwa linamlazimu mtoto atazame mahali namba zinapoanzia kabla hajazisoma. Kipimajoto cha maabara tuliazimwa na sekondari ya jirani. Alfajiri ya Ijumaa mwanachuo alikuta nyuzi 9 nje ya dirisha, 16 katika upande wa baridi wa sanduku, na 21 karibu na ukuta wa dumu. Kwa chura wa nyanda za joto hiyo si anasa. Mchana angependa zaidi ya 22. Ila usiku hata kwao Mang'ola hupoa, na mnyama huyu hahitaji joto lisilobadilika, anahitaji lisimwangushe.

Kwa unyevu, walitandika kitambaa cha pamba chenye maji chini, wakaweka matawi mabichi, na kunyunyiza kwa konzi ya majani asubuhi na jioni. Maji yalitoka katika tangi la mvua. Penye maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yaachwe katika ndoo pana siku moja kabla ya kutumiwa. Mikono iliyogusa vyura ilioshwa baadaye kwa sabuni, na kabla ya kuwagusa ilioshwa kwa maji matupu, kwa maana sabuni na chumvi ya mikono huingia katika ngozi yao.

Ijumaa saa nne, kulipopambazuka jua, chura mmoja alisogea mpaka kwenye ukuta wa dumu, akatulia, na nzi alipotua mbele yake akamnasa. Darasa lilipiga kelele hata mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna nini.

Mchana ule mwanachuo aliwasimulia habari za chura wa Kihansi, nasi twaona kila mwanachuo wa Tanzania angepaswa kuzijua. Katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, mwaka 1996 iligunduliwa aina ya chura mdogo asiyefikia sentimita tatu, azaaye watoto hai badala ya kutaga, na asiyepatikana po pote pengine duniani. Makao yake yote yalikuwa hekta mbili hivi za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Wakati huohuo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu ya maporomoko hayo, na maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo manyunyu yalikoma. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa Marekani wakatunzwe katika bustani za wanyama. Huko walikufa wengi kwanza, mpaka wakabaki chini ya mia moja, maana hata wataalamu hawakujua mara moja ni joto gani, mwanga gani na chakula gani kiliwafaa. Walijifunza kwa kupima na kuandika, na vyura wakaongezeka. Korongoni kwenyewe waliwekewa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 idadi yao ilianguka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoua amfibia katika mabara mengi ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako shida ilikuwa kinyume cha yetu, yaani kuwakinga na joto la pwani; na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao.

Wako waliocheka taifa kushughulikia vyura. Darasa la tano halikucheka. Mvulana wetu aliuliza umeme wa Kihansi unakwenda wapi. Mwanachuo akamjibu kwamba mitambo yake ya megawati 180 imeungwa katika gridi ya taifa. Mvulana akatazama balbu iliyokuwa bado inaning'inia ukutani, na hakuuliza tena.

Yapo mambo machache ya tahadhari ambayo tusingependa yapotee katika kisa. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ilianzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, mtu asiokote kiumbe wala yai bila kibali, hata kama msitu unapakana na uwanja wa mpira wa shule. Nje ya hifadhi vilevile, mwalimu aulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kukusanya. Viumbe wa mahali viwili wasichanganywe katika chombo kimoja, kwa kuwa ugonjwa tulioutaja husafiri kwa maji na kwa chura mwenye afya. Warudishwe palepale walipotolewa, na maji ya chombo yamwagwe penye udongo mkavu, mbali na kijito.

Na kama tungeulizwa leo, tungesema mwalimu wa Karatu aanze na vyura wa Karatu. Viluwiluwi wa kijito cha jirani, wakichukuliwa wachache kwa siku chache, hawahitaji dumu, balbu wala maranda, kwa sababu baridi ile ni yao. Magari ya watalii hupita mbele ya shule ile kila asubuhi kwenda kutazama simba na vifaru, na watoto wengi wa hapo hawajapata kuteremka Kreta. Chura wa kijitoni ndiye mnyama pori wanayeweza kumtazama kila siku bila kulipa kiingilio.

Jumamosi mvulana alipanda basi la Mang'ola na dumu lake. Jumatatu alileta habari kwamba wawili waliruka mara moja kuingia matete, na wa tatu alikaa juu ya mkono wake muda mrefu, ikabidi amsukume kwa kidole. Wanne waliokufa walikuwa wamezikwa nyuma ya jiko la shule, na mtu ambaye hatumjui aliweka mawe manne juu yake.

Fomu ya tathmini tuliijaza upya. Kanuni za chuo haziruhusu kuchana fomu ya zamani, kwa hiyo ile ya Jumanne bado imo katika jalada la mwanachuo yule, imekatwa mstari mmoja wa wino na kutiwa sahihi yetu pembeni. Sentensi ya maonyesho inasomeka vizuri kabisa chini ya mstari.